Hisa Mia Moja kwa Penseli

Karatasi yenyewe huitwa CR12. Kila mfanyabiashara wa Kenya aliyewahi kuomba zabuni au mkopo wa benki aijua. Hutoka kwa Msajili wa Kampuni, na ndani yake mna jina la kampuni, wakurugenzi wake, wenye hisa wake na idadi ya hisa za kila mmoja. Ya kampuni yetu ya malori niliichapisha saiba moja ya Mwembe Tayari, hapa Mombasa, mwezi wa Machi 2021, kwa sababu printa ya ofisini Shimanzi ilikuwa imeishiwa wino na afisa wa benki alikuwa aisubiri. Nikaisoma palepale kaunta, watu wakinisukuma mgongoni. Jina la kwanza lilikuwa la babangu. Mkurugenzi. Hisa 700. Anwani yake ni sanduku la posta tuliloacha kulilipia zamani.

Babangu alikuwa na miaka sita amelala makaburini Kikowani.

Mimi ni mhasibu. Hesabu za kampuni hiyo nimezishika tangu kabla hajafariki, na nilijua kwamba hatujabadilisha majina. Nilijua kama mtu ajuavyo kwamba paa linavuja chumba asicholala. Lakini kulijua jambo moyoni ni mbali na kulisoma limepigwa chapa, lina nembo ya serikali na tarehe ya leo. Nililipa shilingi za kuchapisha nikatoka nje, nikakaa kwenye kibaraza cha duka la mashuka mpaka miguu ikanirudia nguvu.

Benki hawakunitukana. Afisa aliyeshughulikia faili letu alikuwa kijana mpole, akanambia, "Dada, kwa karatasi hii mwenye asilimia 70 ya kampuni hawezi kutia sahihi. Na sisi hatuwezi kuongeza muda wa ovadrafti mpaka tujue kampuni ni ya nani." Sentensi hiyo ya mwisho iliniuma. Kampuni ni ya nani? Mtoto wa miaka kumi wa mtaani kwetu Majengo angemjibu.

Wasiojua biashara ya malori wataona ovadrafti, ile ruhusa ya benki ya kutoa pesa kuzidi zilizomo kwenye akaunti, ni anasa. Kwetu ovadrafti ndiyo dizeli. Mteja anakulipa baada ya siku 60, pengine 90, lakini dereva anayetoka bandarini jioni ataka tangi lijae jioni hiyohiyo. Na mwaka 2019 tulikuwa tumeshapigwa: ilipotoka amri kwamba makontena ya mizigo ya bara yapandishwe reli ya SGR mpaka Nairobi, nusu ya kazi yetu iliondoka, na barabara ya Changamwe hadi Mariakani ikajaa malori yaliyoegeshwa. Tulikuwa na malori sita. Benki ilipofunga mkono, tuliuza mawili kwa bei ya kutupa ili manne yaendelee kutembea. Kwa hiyo mtu akiniuliza adhabu ya kutoweka sawa daftari la wenye hisa ni nini, jibu langu la kwanza huwa ni malori mawili. Faini ya serikali naitaja baadaye.

Nieleze tulivyofika hapo, maana naona familia nyingi za hapa Mombasa zipo njia hiyohiyo na hazina habari.

Babangu aliisajili kampuni mwaka 1994, chini ya sheria ya zamani, ile ya Sura ya 486. Mtaji ulikuwa shilingi 100,000, ukagawanywa hisa 1,000 za shilingi 100 kila moja. Yeye alichukua 700, mdogo wake, ambaye ndiye ami, akachukua 300. Sheria ile ilitaka kila kampuni iwe na katibu. Huyu katibu wa kampuni si yule wa kupokea simu. Ni mtu wa kuandika kumbukumbu za vikao, kutunza daftari la wenye hisa na kupeleka taarifa ya mwaka kwa Msajili. Katibu wetu alikuwa mzee mmoja mwenye ofisi juu ya duka Barabara ya Nkrumah, mtu wa miwani minene na mwandiko wa kupendeza. Kila mwaka babangu alimlipa ada yake, na kila mwaka alinung'unika kwamba hajui alipia nini.

Baba alifariki Februari 2015. Mwaka huohuo, Septemba, Sheria mpya ya Kampuni ikatiwa sahihi. Ndani yake mna kifungu ambacho wengi tulikipokea kwa furaha: kampuni binafsi ambayo mtaji wake uliolipwa haufiki shilingi milioni 5 hailazimiki kuwa na katibu. Mtaji wetu ulikuwa laki moja. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, ndiye niliyemwandikia mzee wa Nkrumah barua ya kumshukuru na kusitisha huduma. Akatupa sanduku la mbao lenye daftari, muhuri wa chuma na vishina vya vyeti vya hisa. Nililipeleka ofisini nikalitia ndani ya kabati la chuma, juu yake nikaweka mafaili ya kodi ya KRA. Pale likakaa.

Kosa letu lilikuwa hapo. Sheria ilituondolea mtu, lakini kazi yake haikuiondoa. Daftari la wenye hisa bado ni wajibu wa kila kampuni, kubwa kwa ndogo: jina la kila mwenye hisa na anwani yake, tarehe aliyoandikwa, hisa alizo nazo, namna zilivyolipiwa, na tarehe aliyokoma kuwa mwanachama, yaani mwenye hisa. Usipokuwa na katibu, kazi hiyo huwaangukia wakurugenzi. Na sisi wakurugenzi tuliokuwa nao walikuwa wawili, mmoja ni marehemu na wa pili ni ami, ambaye maisha yake yote ameyamaliza chini ya injini na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kuna daftari.

Babangu alipenda sana ile methali ya wazee, mali bila daftari hupotea bila habari. Aliiandika kwa chaki juu ya mlango wa stoo. Na kweli dizeli aliiandika, matairi aliyaandika, hata sukari ya chai ya makuli aliiandika. Daftari lililosema kampuni yenyewe ni ya nani ndilo pekee alilomwachia mtu mwingine.

Sasa faini. Nizitaje sawasawa, kwa sababu mitaani zinasemwa kwa kutia chumvi au kwa kupuuzwa. Tangu 2019 sheria iliongezwa kifungu, 93A, kinachotaka kila kampuni, mbali na daftari la wenye hisa, iwe na daftari la wamiliki halisi, yaani binadamu wa kweli aliye nyuma ya hisa. Kanuni zake zilitoka 2020, na mfumo wa kuwasilisha taarifa hizo kwa njia ya mtandao ukafunguliwa Oktoba mwaka huo. Siku ya mwisho ilikuwa 31 Januari 2021, ikasogezwa mpaka 31 Julai. Kampuni isiyotii yafanya kosa, na kila afisa wa kampuni aliyehusika afanya kosa pamoja nayo. Wakihukumiwa, kila mmoja kwa nafsi yake aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000. Na kama baada ya hukumu kampuni bado imekaa kimya, kila siku inayopita ni kosa jipya, na faini yake haizidi 50,000 kwa siku.

Rudia kusoma hapo penye "kila mmoja". Watu hudhani kampuni ni ukuta wa kujificha nyuma yake. Kwa jambo hili si ukuta. Ami aliponiona nahangaika na makaratasi alinambia, "Mwanangu, wajisumbua bure. Mji mzima wajua kampuni ni ya nani." Sikubishana naye. Nilimsomea kifungu kile polepole, nikakifasiri neno kwa neno, nikamwambia kwamba mkurugenzi aliye hai ni mmoja tu, naye ni yeye. Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Hiyo sanduku iko wapi?"

Tulilifungua pamoja siku ya Jumamosi baada ya alasiri, ofisi ikiwa kimya. Daftari lilikuwa kubwa, jalada jekundu lililoiva kuwa la kahawia, kingo zimeliwa na wadudu. Kila mwenye hisa alikuwa na ukurasa wake. Ukurasa wa ami ulikuwa safi: hisa 300, tarehe, namba ya cheti. Nikageuza wa babangu. Hisa 700 kwa wino wa buluu, mwandiko ule mzuri wa mzee wa Nkrumah. Chini yake palikuwa na mstari mmoja kwa penseli, mwembamba, kama aliyeandika alikuwa anangoja kuambiwa aendelee: hisa 100, kisha jina la mtu, kisha neno "bado".

Jina hilo tulilijua sote wawili. Ni rafiki wa babangu wa tangu utotoni, mzee aliyewahi kuwa na duka la vipuri, ambaye kila Idi mosi tulipelekwa kumwamkia. Ami akavua kofia yake akajikuna kichwa. Akanihadithia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: mwaka 1998 lori la kwanza la babangu lilivunjika injini, benki ikamkatalia, na rafiki huyu akampa lori lake mwenyewe, bila mkataba, bila riba. Baba akamwambia, nitakukatia hisa 100. Fomu ya uhamisho haikuandikwa, ushuru wa stempu haukulipwa, cheti hakikutolewa. Katibu akaweka alama ya penseli, akangoja. Akangoja mpaka tukamsimamisha kazi.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo nilipofahamu daftari hili ni nini. Kwa sheria, lililoandikwa ndani ya daftari huchukuliwa kuwa ndiyo hali ilivyo mpaka mtu athibitishe vingine. Atakayeona limemdhulumu aweza kwenda mahakamani kuomba lirekebishwe, lakini mzigo wa ushahidi uko kwake. Mzee yule angekwenda na nini? Hana cheti. Hana risiti. Ana neno la marehemu na mstari wa penseli ambao hata hajui kama upo. Ningelichukua ufutio nikaupitisha pale mara mbili, hisa mia za watu zingekuwa zetu, na hakuna ofisi Kenya nzima ambayo ingejua.

Ami alikuwa na hofu yake, na sikumlaumu. "Tukimwandika atadai faida ya miaka ishirini na tatu. Tutaitoa wapi?" Wakati huo malori mawili yalikuwa yameshauzwa. Mamangu, tulipompelekea habari jikoni, aliacha kukuna nazi, akasema, "Mtu hazikwi na deni lake. Mwendeeni." Basi tukamwendea.

Alitupokea barazani kwake Kibokoni, akaagiza kahawa tungu na haluwa kama kwamba tumekuja kuposa. Ami akazunguka sana kabla ya kufika penyewe. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, vidole vimeshika kikombe. Kisha akasema, "Babako alinambia hisa zangu zipo. Nikaridhika. Sikuuliza tena." Akaniangalia mimi. "Kwani hazipo?"

Nikamwambia zipo, lakini kwa penseli.

Hakucheka. Akasema faida za nyuma amesamehe, kwa sababu babangu alimsomeshea mwanawe na hilo hatulijui sisi. Alitaka kitu kimoja: aandikwe kwa wino angali hai, ili wajukuu wake wasije wakagombana na wajukuu wa rafiki yake. Sijasikia mwanasheria yeyote akieleza faida ya daftari la wenye hisa vizuri kuliko hivyo.

Kazi ya mirathi tuliipeleka Mahakama ya Kadhi. Kwa wasio Waislamu njia ni ile ya kuomba barua za usimamizi wa mirathi katika mahakama za kawaida, lakini kwa daftari la kampuni mwisho wake ni uleule: kampuni haiwezi kuhamisha hisa za marehemu kwa sababu tu mjane na watoto wamekubaliana sebuleni. Lazima kuwe na amri au hati ya mahakama inayosema nani ana mamlaka ya kusimamia, ndipo wakurugenzi wakae kikao, waipokee na waiandike.

Katika mirathi yetu deni hutangulia. Ndipo ahadi ya babangu ilipopata mahali pake. Warithi sote tulikubali mbele ya Kadhi kwamba hisa 100 ni deni la marehemu, zikatolewa kwanza. Zikabaki 600. Mama, kwa kuwa kuna watoto, fungu lake ni thumuni, yaani moja ya nane: hisa 75. Zilizobaki ni 525, na sisi ni wavulana wawili na wasichana watatu, babu na bibi walishatangulia mbele ya haki. Mvulana hupata mara mbili ya msichana, kwa hiyo mafungu ni saba. Gawanya 525 kwa saba, upate 75 kamili. Kila dada 75, kila kaka 150.

Usiku ule nilipiga hesabu ya pili, ya lau tungeuficha mstari wa penseli. Thumuni ya 700 ni 87 na nusu. Watoto wanabaki na 612 na nusu, fungu la saba linaingia 87 na nusu tena. Nusu hisa ya nani utaiandika kwa jina la nani? Wengine wataona ni hesabu tu. Mimi nilimshukuru Mungu, nikafunga kikokotoo nikalala.

Baada ya hapo ilikuja fomu ya wamiliki halisi, ile BOF1, na hapa watu wengi hukosea hata wakiwa na nia njema. Sheria yetu ya Kenya humhesabu mmiliki halisi kuanzia asilimia 10 ya hisa au ya kura. Uingereza kiwango chao ni zaidi ya asilimia 25, na nimeona washauri wakinakili maelezo ya huko na kuwapotosha wateja wao. Angalia kwetu: ami ana 300, ni asilimia 30, yumo. Kaka zangu wana asilimia 15 kila mmoja, wamo. Mzee wa Kibokoni ana 100 kamili katika 1,000, yaani asilimia 10 sawasawa, naye yumo, kwa kuwa sheria yasema asilimia 10 au zaidi. Mtu aliyekaa miaka 23 kwa penseli sasa alitakiwa kutoa nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA, tarehe ya kuzaliwa, anwani ya nyumbani, simu na barua pepe. Barua pepe hakuwa nayo. Mjukuu wake alimfungulia saiba, na mzee akataka kuonyeshwa jinsi jina lake linavyoonekana kwenye kioo.

Mama na sisi dada watatu tuna asilimia 7.5 kila mmoja. Kwa hisa peke yake hatumo. Lakini kanuni hazitazami hisa tu. Zinamtazama pia mwenye haki ya kuteua au kumwondoa mkurugenzi, na mwenye ushawishi mkubwa juu ya kampuni, anayeshiriki maamuzi ya fedha hata kama hana usemi wa mwisho. Nikamfikiria mamangu. Tangu baba afariki, hakuna lori lililonunuliwa wala kuuzwa pasipo yeye kuulizwa. Ami mwenyewe, mdogo wa mumewe, hasaini hundi kubwa kabla ya kupita jikoni. Wakili aliyetusaidia alisita kidogo, kisha akasema kama hali ndiyo hiyo, ukweli ndio huo, mwandikeni. Tukamwandika. Na wakati ule taarifa hizi za wamiliki halisi hazikutangazwa hadharani, zilikaa kwa Msajili na kwa taasisi za serikali zenye mamlaka ya kuziomba, kwa hiyo mama hakuwa na wasiwasi wa jina lake kuzagaa.

Tulikuwa tumeshapita Julai 2021. Kila hatua ilikuwa na tundu lake. Kampuni za zamani kama yetu hazikuwemo kwenye eCitizen, mfumo wa huduma za serikali mtandaoni, mpaka mkurugenzi aziunganishe na akaunti yake, na ami nambari yake ya simu iliyosajiliwa ilikuwa ya laini iliyopotea kivukoni Likoni miaka mingi nyuma. Taarifa za mwaka hatukuwa tumepeleka tangu 2013, mzee wa Nkrumah alipoanza kuugua. Ikabidi zipelekwe zote, mwaka mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na faini yake ya kuchelewa. Hatukupelekwa mahakamani, na nashukuru, lakini nisingependa mtu aseme "walilipa kidogo wakaachiwa". Ada, faini, wakili, ushuru wa stempu wa asilimia 1 juu ya hisa za mzee, nauli za kwenda na kurudi Huduma Centre ya pale Posta, miezi mitano ya ami kulala akifikiria laki tano asizokuwa nazo. Na kama tungekaa kimya zaidi, Msajili ana mamlaka ya kuifuta kampuni iliyozimika. Kampuni ikishafutwa, mali iliyobaki kwa jina lake huhesabiwa haina mwenyewe na kwenda serikalini. Malori yetu manne yalikuwa kwa jina la kampuni.

Siku hizi jamaa na majirani huniletea masanduku yao. Tangu Kenya iwekwe Februari 2024 kwenye orodha ya kijivu ya FATF, shirika la kimataifa linalopambana na utakatishaji wa fedha, benki zimezidi kubana, na maswali ya nani yuko nyuma ya kampuni huulizwa hata kwa mwenye duka la simu. Ninachowaambia ni kidogo. Fungueni daftari leo, msingoje benki. Likibadilika jambo, kampuni ina siku 14 za kumpelekea Msajili nakala ya mabadiliko, na siku 14 ni chache mno kwa nyumba yenye msiba au yenye ugomvi, kwa hiyo hati ziwe tayari kabla. Yupo ndugu anayekataa kutoa habari zake? Kanuni zina dawa: mpe notisi, kisha onyo, na akiendelea kampuni yaweza kuzizuia hisa zake, zisihamishwe, zisipige kura, zisipate gawio. Nimeona hilo likitajwa tu kwenye kikao cha familia na kitambulisho kikatoka mfukoni. Na kama hamna katibu, mteueni mtu mmoja, kwa jina, kazi yake iwe hiyo. Sisi ni mimi.

Maingizo yenyewe niliyaandika Machi 2022, ofisini, ami na mama wakiwa wamekaa upande wa pili wa meza. Nilikuwa nimenunua kalamu ya wino mweusi dukani Biashara Street, nikaijaribu kwanza kwenye gazeti. Ukurasa wa mzee niliuanza mimi mwanzo mpya, hisa 100, nikaacha ule mstari wa penseli ulivyo, nikaweka rejea pembeni kwamba umetekelezwa. Kisha ukurasa wa babangu. Pale mwishoni pana safu ya tarehe ya kukoma kuwa mwanachama, na mkono wangu ukaenda kuandika tarehe ya kifo chake. Wakili akaniwahi. Tarehe inayoandikwa hapo ni ile ambayo wakurugenzi wamepokea hati na kuhamisha hisa, yaani siku hiyo ya leo. Kwa daftari la kampuni, babangu alikuwa mwanachama kwa miaka saba baada ya kuzikwa, na mimi ndiye niliyemwacha humo.

Nikaandika tarehe ya leo.

Mama akaomba aone ukurasa wake. Nikamgeuzia daftari. Akavaa miwani, akapitisha kidole chini ya jina lake, herufi moja moja, mpaka akafika kwenye 75. Akauliza kama wino umeshakauka.